Usukani Mzito si Kosa la Dereva



Kazi yangu ni reli, lakini mdogo wangu huendesha trekta kuukuu, Massey Ferguson 165, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1964. Mwezi uliopita usukani ulikuwa mzito. Mwenye shamba akasema dereva ameharibu pampu, akataka kumkata mshahara. Jumapili nikaenda kutazama mwenyewe.

Kiungo cha bomba kililegea, mafuta ya usukani yakavuja mpaka pampu ikavuta hewa. Yaliyobaki yalikuwa povu tupu. Tulikaza kiungo, tukajaza mafuta safi, tukazungusha usukani huku na huku pole pole mpaka povu likaisha. Ukawa mwepesi, ila si sana, maana matairi ya mbele yalikuwa na upepo kidogo, na pini za ekseli zilikuwa hazijaonja grisi siku nyingi. Pampu haikuwa na kosa lo lote.

Usukani ukiwa mzito upande mmoja tu, shuku vali au silinda kabla ya pampu. Wala usitafute tundu la bomba kwa kidole! Mafuta yenye nguvu hupenya ngozi. Tumia kipande cha boksi.

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yaruhusu kukata mshahara kwa hasara iliyoletwa na mfanyakazi kwa kusudi. Je, kiungo kulegea ni kusudi la nani? Madereva wa mashamba na waandike katika buku siku waliyotoa habari ya ubovu, na mwenye shamba atie sahihi.