Binti Akienda Kujifunza Kazi Kambini

Huenda binti yako amepata nafasi ya kujifunza kazi katika kambi ya mafunzo ya nje: kulala hemani, kupanda mlima, kuongoza watoto wa shule. Kambi hizi si jambo geni. Kurt Hahn na wenzake walianzisha shule ya Outward Bound huko Wales mwaka 1941, na katika miaka ya 1950 vijana walikuwa wakifunzwa Loitokitok, Kenya, chini ya Kilimanjaro.

Mwanagenzi wa kambini si mgeni, wala si mwajiriwa kamili. Huamka kabla ya watoto, hupika, husafisha vyoo, na usiku hulala wa mwisho. Kwa kuwa watoto wanamtazama yeye, huficha anapougua. Hapo ndipo sisi wauguzi tunapoingiwa na wasiwasi.

Ukipita meta 2,500 hewa huwa nyepesi. Kichwa kikimuuma na akisikia kichefuchefu, apumzike, asipande zaidi. Akianza kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, au kuhema hali ameketi, ashushwe mara moja, hata usiku wa manane. Asimeze vidonge vya maumivu ili apate kuendelea kupanda.

Kabla hajafunga mizigo, kaa naye umwambie kwamba kusema "naumwa" mbele ya watoto hakumvunjii heshima. Aulize mapema ni nani mwenye amri ya kukatiza safari, na gari la kumpeleka hospitali hukaa wapi. Mfungie soksi za sufu, chandarua, na pedi za kutosha (duka liko mbali!).