Viua vya Februari
Anayekwenda Bustani ya Mimea ya Edinburgh mwezi Februari kutazama galanthasi, viua vyeupe vinavyochomoza baridi ikiwa bado kali, huulizwa: si vyote vinafanana? Kwa mbali, ndiyo. Inama, inua kimoja kwa kidole: petali tatu za nje nyeupe pe, tatu fupi za ndani zina doa la kijani, na umbo la doa hilo husaidia kutambua aina. Anasa ya wenye makoti mazito? Sikubali. Matunguu ya galanthasi yaling'olewa mno porini Uturuki, hata mwaka 1990 biashara yake ikawekwa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama wa porini. Galantamini, dawa ya wagonjwa wa Alzheimer, nayo ilipatikana kwanza katika galanthasi. Bustanini aina hizo hutunzwa na kusomwa bila kuchimbua mlima wa mtu.