TRELA LISILO NA BREKI LISIVUTWE

Ndugu Wafanyakazi,

Twataka kusema habari ya kazi moja ambayo wengi huiona ndogo, lakini imekwisha kuingia vijijini mwetu na vijana wetu wanaifanya pasipo ulinzi wowote. Ni kazi ya kuvuta magari ya kizamani juu ya trela.

Sisi tuandikao ni watu wa reli, wazaliwa wa Ganze. Huenda mtu akauliza: Watu wa reli wana nini na trela la barabarani? Jibu letu ni fupi. Kuvuta mzigo wenye magurudumu kwa kiungio ndiyo kazi yetu ya kila siku. Yale ambayo reli ilijifunza kwa damu ya watu, barabara haina ruhusa kujifunza upya kwa damu ya vijana wetu.

Kwanza mjue jambo hili lilikoanzia. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya magari ya Afrika Mashariki yaliyoitwa Coronation Safari, kwa ajili ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Ndiyo yaliyokuja kuitwa Safari Rally. Peugeot 404 ilishinda mara nne katika miaka ya 1960. Joginder Singh alishinda mara tatu, na Shekhar Mehta mara tano. Tangu mwaka 2003 yako pia mashindano ya East African Safari Classic Rally, ambayo ni ya magari ya zamani tu. Basi gari kuukuu limekuwa mali. Peugeot iliyobeba wazee wetu kwenda Kilifi na Mombasa, kisha ikaachwa chini ya mkorosho ikawa nyumba ya kuku, leo inatafutwa kwa fedha nzuri. Mnunuzi huja, gari haliwaki, breki zake zimekufa, tairi zimeoza. Hapana budi lipandishwe juu ya trela livutwe.

Hatuna ugomvi na gari kuukuu, wala na mtu apendaye kulitunza. Ugomvi wetu ni huu: gari hufunikwa turubai lisipate vumbi, na rangi yake huwekewa blanketi isikwaruzwe, lakini dereva hapewi trela lenye breki, na tanboi huambiwa akae ndani ya gari lile lile lililo juu ya trela, ati alishikilie usukani. Wahenga walisema: Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa mwenye mali mzigo huu ni mwepesi kwa sababu yeye hayumo safarini. Yeye amekwisha kutangulia mbele kwa gari lake zuri, na kazi yake ni kupiga simu kuuliza mmefika wapi.

Sasa tuangalie uzito wenyewe. Gari kama Peugeot 504 lina karibu kilo 1,200. Tuseme trela lina kilo 600. Jumla ni kilo 1,800, na mara nyingi pikapu inayovuta si nzito kuliko hapo. Maana yake ni kwamba mkia una uzito sawa na mbwa. Mkia wa namna hiyo ukiamua kutikisika, ndio utakaomtikisa mbwa.

Kila mtu wa Ganze aliyesukuma mkokoteni wa maji ajua siri ya trela, ingawa hakufundishwa shuleni. Ukipanga madumu yote nyuma ya ekseli, mikono ya mkokoteni huinuka juu na kukunyanyua. Ukiyajaza yote mbele, mikono hukulemea. Hamali mwenye akili huweka mzigo juu ya ekseli, na kidogo tu umelalia mbele. Trela la gari ni vivyo hivyo. Uzito ukiwa nyuma, trela huinua mkia wa pikapu, tairi za nyuma za pikapu hupoteza nguvu ya kushika barabara, na trela huanza kuyumba kushoto na kulia. Huko Ulaya hushauriwa kwamba uzito unaokandamiza kiungio uwe kilo 5 hadi 7 kwa kila kilo 100 za trela na mzigo wake. Marekani husema 10 hadi 15, kwa sababu magari yao na viungio vyao ni vya namna nyingine. Wote wawili wanakubaliana jambo moja: mbele lazima pawe pazito, lakini pasizidi kipimo cha kiungio chenyewe. Ndiyo sababu twasema gari lipandishwe, lipimwe, lisogezwe mbele au nyuma mpaka likae sawa. Kazi hii ni ya nusu saa. Mwenye mali asiyetaka kuitoa hiyo nusu saa atoe sababu yake mbele ya mama wa tanboi.

Trela likianza kuyumba, madereva wetu wakumbuke: usikanyage breki kwa nguvu, wala usikanyage mafuta ati ulinyooshe. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani imara na wima, mwendo upungue wenyewe. Ukisha simama, usiendelee mpaka umejua kilichoyumbisha. Na mkumbuke hesabu hii: ukiongeza mwendo kutoka kilomita 40 kwa saa hadi 80, nguvu ambayo breki zapaswa kuimeza haiwi mara mbili, bali huwa mara nne.

Tumefika kwenye breki, na hapa ndipo watu wa reli hatuwezi kunyamaza. Tarehe 12 Juni 1889, karibu na mji wa Armagh huko Ireland, gari la moshi lililochukua watoto wa shule ya Jumapili na wazee wao lilishindwa kupanda mlima. Wasimamizi wakaamua kulikata vipande viwili. Mabehewa ya nyuma yakaachwa kwenye mteremko, yameshikwa na breki ya mkono ya behewa moja na mawe yaliyowekwa chini ya magurudumu. Mabehewa yakayashinda mawe, yakarudi nyuma kwa kasi, yakagongana na gari la moshi lililokuwa likifuata. Watu 80 walikufa, na miongoni mwao walikuwamo watoto. Mwaka ule ule Bunge la Uingereza likatunga sheria kwamba mabehewa ya abiria yawe na breki ambazo hujifunga zenyewe behewa likikatika. Sikilizeni vizuri, ndugu zetu: breki hizo zilikuwa zimekwisha kubuniwa tangu miaka ya 1870. Maarifa yalikuwapo. Kilichokosekana kilikuwa amri, na gharama ya kuchelewa kwa amri ililipwa na watoto.

Trela nalo lina dawa yake kama behewa. Liwe na breki zake lenyewe. Liwe na waya mwembamba uliofungwa kwenye pikapu, ili kiungio kikifunguka waya ule uvute breki za trela kabla haujakatika. Kwa trela kubwa namna hii, waya huo ndio ulinzi wa kwanza. Palipo na minyororo ya kuzuia, ipitishwe kwa kupishana chini ya kiungio ili imbebe asianguke yule nyoka wa chuma. Uingereza trela lisilo na breki haliruhusiwi kuzidi kilo 750 pamoja na mzigo wake. Sisi Ganze twavutishwa kilo 1,800 kwa kiungio kilichochomewa gereji na kamba ya manila. Je, mifupa ya Mgiriama ni migumu kuliko ya Mwingereza?

Kisha kuna kufunga. Gari lifungwe kwa mikanda minne ya kukaza, pembe zote nne, na kila mkanda uwe umeandikwa kipimo cha uzito unaoweza kushika. Mkanda usio na kipimo usihesabiwe. Ni bora mikanda ishike magurudumu, au ekseli, wala isishike bampa. Gari lililofungwa kwa bodi hupanda na kushuka juu ya springi zake, na kila likishuka mkanda hulegea. Tena gari lililokaa miaka 30 chini ya mkorosho limeliwa na kutu. Chuma kionekanacho kizima huvunjika kama biskuti kikivutwa. Gari litiwe gia, breki ya mkono ivutwe kama ingali hai, na kabari ziwekwe mbele na nyuma ya magurudumu. Waya wa betri ung'olewe. Baada ya kilomita chache za kwanza dereva asimame, akaze tena mikanda yote, na baada ya kila kipande cha barabara mbaya afanye hivyo hivyo. Atokaye Bamba kuja Ganze, au Ganze kwenda Kilifi, ajua mashimo yanavyoweza kulegeza hata meno.

Na mtu yeyote asikae ndani ya gari lililo juu ya trela. Hata mmoja. Hata kwa mwendo mdogo. Gari lililofungwa sawasawa halihitaji mtu wa kulishikilia, na lisilofungwa sawasawa mtu hawezi kulishikilia. Basi huyo tanboi amewekwa pale kufanya kazi gani, kama si kuwa mkanda wa tano?

Twajua majibu ya wenye mali, maana tumeyasikia. Wa kwanza husema: "Safari ni fupi." Twamjibu: mabehewa ya Armagh hayakusafiri mbali. Wa pili husema: "Trela lenye breki ni ghali." Twamjibu: aliyepata fedha za kununua gari la anasa amepata pia za kulibeba. Mtu hanunui ng'ombe akakosa fedha ya kamba. Wa tatu husema: "Dereva wangu ni hodari." Twamjibu: uhodari wa dereva haupunguzi kilo hata moja. Reli ina madereva hodari, na bado gari la moshi haliondoki kituoni kabla breki hazijajaribiwa. Wa nne, naye ndiye mbaya kuliko wote, husema: "Hawa ni vibarua, wamekubali wenyewe." Twamjibu: mtu ambaye mvua imemnyima mahindi hakukubali, amebanwa. Njaa si sahihi ya mkataba.

Tena sheria haiko upande wake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yahusu kila mahali pa kazi, iwe kazi ya muda au ya daima. Kifungu cha 14 chasema mfanyakazi akiona hatari kubwa iliyo karibu, amweleze msimamizi wake, na asilazimishwe kurudi penye hatari hiyo mpaka iondolewe. Tena asifukuzwe wala asionewe kwa sababu ameiepuka. Na Sheria ya Mafao ya Kuumia Kazini, ambayo wengi mwaijua kwa jina la WIBA, ya mwaka huo huo, yamtaka mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wake. Kwa hiyo kijana akikataa kuvuta trela lisilo na breki, asiitwe mvivu wala mkaidi. Yeye ndiye anayetii sheria.

Lakini twajua pia kwamba sheria iliyo kabatini haifungui mdomo. Kijana mmoja akikataa, mwenye mali humwita mwingine aliyekaa chini ya mwembe. Akikataa na huyo, na wa tatu, na wa kumi, ndipo breki zitanunuliwa. Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa, wa bandari na wa reli na wengineo, waligoma pamoja, na serikali ya kikoloni ikalazimika kuwasikiliza. Hawakuwa na fedha. Walikuwa na neno moja walilolisema wote siku moja.

Basi twawaomba madereva, matanboi, mafundi na vibarua wote wa Ganze, Vitengeni, Bamba na Kilifi washike masharti haya. Moja, trela liwe na breki zake na waya wa kukatikia. Mbili, uzito upimwe na mbele pawe pazito. Tatu, mikanda minne yenye vipimo, na kabari. Nne, taa za trela ziwake, na tairi zake zikaguliwe kabla ya kuondoka. Tano, hapana mtu juu ya trela. Sita, dereva apumzike, na mwendo auamue yeye, si simu ya mwenye mali. Saba, bima iwepo kabla ya safari, si ahadi baada ya mazishi.

Likikosekana moja, funguo zirudishwe kwa mwenyewe. Gari hilo limengoja chini ya mkorosho miaka 30. Halitakufa likingoja wiki moja zaidi.

Umoja ni nguvu.

Wenu katika kazi,
Sisi Wafanyakazi wa Reli, wazaliwa wa Ganze