Kutu Haifunikwi, Huondolewa

Msomaji, ukiiona pikapu ikitoka sokoni Ogwedhi, kule Migori karibu na mpaka wa Narok, wakati wa mvua, huenda milango yake inang'aa. Hebu inama utazame chini. Matope yaliyogandamana kwenye chesisi hukaa na maji siku nyingi, na maji pamoja na hewa ndiyo mzazi wa kutu. Mombasa, chumvi ya bahari huiharakisha zaidi.

Wengi hukimbilia lami nyeusi. Lami ni nzuri, ila ikipakwa juu ya kutu hufungia unyevu ndani, na chuma huendelea kuoza bila wewe kujua. Oili chafu nayo huharibu mipira iliyo chini ya gari na kuchafua udongo.

Basi fanya hivi. Osha chesisi, iache ikauke, kisha igonge kwa nyundo. Pakibonyea au kutoboka, usipake kitu; mwite fundi wa kuchomelea, kwani rangi haibebi abiria. Palipo imara, kwangua kwa brashi ya waya na msasa hadi chuma king'ae. Paka rangi ya zinki kwanza. Zinki huliwa badala ya chuma, lakini sharti iguse chuma kitupu. Ikikauka, ndipo upake lami. Ndani ya chesisi, brashi isikofika, pulizia nta, wala usizibe matundu ya kutolea maji.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta.