Gundi ya mwanga haitafungua simu yako

Wasomaji wangu, leo hebu tuongee kuhusu gundi. Ndiyo, gundi. Mimi ni mtu wa kuandika programu, si mkemia, lakini kuna hadithi inayopendwa sana na watu wa teknolojia na sasa imeanza kunikera. Eti gundi inayoshika na kuachia kwa mwanga itamaliza shida ya simu zisizofunguka. Fundi atawasha taa, betri itaachia, ataweka nyingine, atamulika tena, kazi kwisha. Taka za kielektroniki kwaheri.

Mimi nasema hapana. Na si kwamba sayansi yenyewe ni uongo. Sayansi ni tamu kweli, acha nianze nayo.

Kuna molekuli inaitwa azobenzini. Ikiwa imetulia imenyooka kama kijiti. Ukiimulika kwa urujuanimno, ule mwanga usioonekana ulio ng'ambo ya zambarau, karibu na nanomita 365, inapinda. Vijiti vilivyonyooka hupangika vizuri vikawa kitu kigumu. Vikishapinda mpangilio unavurugika na kitu kinayeyuka bila moto wowote. Mwanga wa kawaida, wa bluu au kijani, unavinyoosha tena. Mwaka 2012 Haruhisa Akiyama na mwenzake huko Japani walionyesha dutu ya namna hii ambayo inageuka uowevu na kurudi yabisi mara kwa mara, kwa mwanga tu. Mwaka 2016 kundi la Shohei Saito wa Chuo Kikuu cha Kyoto likatoa gundi nyingine, ya fuwele kiowevu. Ilishika kwa zaidi ya megapaskali 1 hata kwenye nyuzi 100, na ikimulikwa urujuanimno nguvu yake inashuka kwa takriban asilimia 85 ndani ya sekunde chache. Ukiipasha moto inarudi kuwa gundi.

Mtu yeyote aliyewahi kubonyeza kitufe cha kutendua anaelewa kwa nini hii inasisimua.

Lakini angalia walivyoijaribu. Vioo viwili, gundi katikati. Kioo! Mwanga unapita. Sasa chukua simu yako. Betri imefungwa kwa karatasi ya alumini, na chini yake kuna fremu, mara nyingi ya chuma. Gundi iko katikati ya vitu viwili visivyopitisha mwanga hata chembe. Utamulika wapi? Skrini ni kioo, sawa, ila gundi inayoishika imekaa pembeni, chini ya ule ukanda mweusi uliopakwa rangi makusudi usionyeshe yaliyomo. Kwa hiyo kabla gundi ya mwanga haijasaidia lolote, mtengenezaji lazima aibadilishe simu nzima ili mwanga upate njia. Na mtengenezaji aliye tayari kubadilisha simu nzima kwa ajili ya fundi, si angeweka skrubu tu?

Halafu kuna jua. Nanomita 365 zimo kwenye jua la kila siku. Simu iliyoachwa juani saa saba mchana inakula urujuanimno bila kuombwa. Wakemia wanalijua hili, ndiyo maana wengine wanatumia molekuli kama antrasini, ambazo hushikana mbili mbili kwenye mwanga wa kama nanomita 365 na kuachana kwa mawimbi mafupi zaidi, chini ya 300. Mawimbi mafupi kama hayo, tuseme 254, hayatufikii kutoka kwenye jua kwa sababu angahewa inayazuia. Vizuri, gundi haitajifungua yenyewe. Ila mawimbi hayo hayapiti kwenye kioo cha kawaida, na yanaunguza macho na ngozi. Hebu fikiria taa ya namna hiyo kwenye kibanda cha futi nne Luthuli Avenue, mafundi watatu bega kwa bega na wateja wamesimama wakichungulia.

Mahali gundi ya mwanga inapofanya kazi kwa uhakika ni kwenye viwanda vya chipu. Bamba la silikoni hubandikwa kwenye utepe, linakatwakatwa, kisha utepe unamulikwa urujuanimno na vipande vinatoka bila kuvunjika. Imetumika miaka mingi. Lakini ule utepe ni wa safari moja: mwanga unaikausha gundi ikapoteza unato wake, basi, unatupwa. Ukisikia mtu anautaja kama ushahidi kwamba gundi ya kutumia tena na tena imeshafika sokoni, mwulize maswali.

Sasa nije kwenye linaloniuma. Betri ya simu za siku hizi ikifa, fundi wetu anafanya nini? Sahani ya moto, matone ya spiriti, kadi ya plastiki, na maombi. Akiitoboa betri, inawaka. Skrini anaitenganisha kwa waya mwembamba kama uzi. Hii yote ni kwa sababu mtu fulani ofisini aliamua gundi ni rahisi kuliko skrubu. Tunaambiwa ni kwa ajili ya maji na wembamba. Wembamba nakubali kidogo. Maji? Samsung Galaxy S5 ya mwaka 2014 ilikuwa na kiwango cha IP67 na bado ulitoa kifuniko na betri kwa kucha. Fairphone 5 ya mwaka 2023 inahimili mvua na betri yake inatoka bila bisibisi. Kwa hiyo inawezekana, ni kwamba wengi hawakutaka.

Na walipobanwa, wakataka. Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni ya betri mwaka 2023 na kuweka tarehe 18 Februari 2027 kuwa siku ambayo betri za vifaa vya kubebeka lazima mtumiaji aweze kuzitoa mwenyewe. Mwaka 2024 Apple ikaleta iPhone 16 yenye gundi ya betri inayoachia kwa umeme: volti 9, kama dakika moja na nusu. Ni umeme, si mwanga, kwa sababu umeme unapita kwenye chuma. Muhimu zaidi kwangu, volti na muda vimeandikwa kwenye mwongozo wao wa matengenezo ambao yeyote anaweza kuusoma.

Hapo ndipo jicho la mtu wa programu linapoona hatari. Gundi inayosikia urefu fulani wa wimbi ni kufuli, na wimbi ni nywila. Kampuni inaweza kuchagua wimbi la ajabu, ikauza taa yake kwa bei ya pikipiki, na kuwapa mawakala wake tu. Msidhani natunga. Kwenye programu wameshafanya hivyo: unabadilisha skrini, simu inakagua namba yake, inakataa baadhi ya kazi. Jimbo la Oregon, Marekani, lilipitisha sheria mwaka 2024 kupinga mchezo huo. Sisi hatuna haja ya kungoja ufike kwenye gundi.

Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na ni asilimia 22.3 tu zilizorekodiwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Nyingine zinaishia kwenye majalala, yakiwemo ya kwetu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Skrubu kwanza. Pale ambapo gundi haiepukiki, iwe inayoachia, kwa mwanga au umeme au chochote, na namba zake zichapishwe: wimbi gani, nguvu gani, sekunde ngapi. Mafundi wengi wa simu tayari wana taa ya urujuanimno mezani, ile wanayokaushia gundi ya kioo cha kinga. Anayeuza simu Kenya akitaka kuwafungia nje, alazimike kusema hivyo kwenye boksi, kwa herufi kubwa, kabla sijalipa.