Ardhi Tupu Isiyokuwa Tupu



Wengi wetu tulikulia katika sinema za kauboi, na watoto wetu wanaziona hizo hizo, ila sasa kwa njia ya simu. Hadithi haibadiliki: Magharibi ya Marekani ilikuwa nyika isiyo na mwenyewe, akatokea mwanamume na farasi wake na bunduki yake, akaigeuza kuwa nchi. Mwezi huu tumeonelea tuitazame hadithi hiyo kutoka hapa tulipo, kwani watu waliofanya kazi kubwa kuliko huyo kauboi walitoka katika mkoa huu huu wa Guangdong.

Nyika ile ilikuwa na wenyewe. Walakota, Wacheyenne, Wanavajo na wengine wengi waliishi humo, wakiwinda, wakifuga na kulima. Wala mlowezi hakwenda peke yake. Serikali ilimtangulizia jeshi. Kwa sheria ya mwaka 1862 ikampa ekari 160 maadamu atakaa na kulima miaka 5. Na kampuni za reli ikazipa mikopo pamoja na mamilioni ya ekari.

Reli yenyewe je, aliijenga nani? Sehemu ya magharibi, kutoka Sacramento kupita milima ya Sierra Nevada, ilijengwa zaidi na Wachina, wengi wao wa Taishan na wilaya jirani, kusini-magharibi ya jiji hili. Walipasua majabali kwa baruti, wakatoboa milima katikati ya theluji, na wengine wakafukiwa na theluji hiyo hiyo. Ujira wao ulikuwa chini ya ule wa wazungu. Juni 1867 maelfu waligoma kudai usawa. Kampuni ikawakatia chakula mpaka wakarudi kazini. Njia iliunganishwa huko Utah tarehe 10 Mei 1869. Lakini sheria ya ardhi ilimtaka mwombaji awe raia, au awe ametangaza nia ya kuwa raia, ilhali Mchina alinyimwa uraia. Basi aliyepasua njia hakupata shamba. Mwaka 1882 vibarua wapya wa Kichina wakafungiwa mlango kabisa, na sheria hiyo haikufutwa hadi 1943.

Msomaji wa Kenya atakuwa amekwishaujua mwenendo huu. Reli ya Mombasa hadi Kisumu, iliyojengwa kati ya 1896 na 1901, ilitumia vibarua zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi, na kiasi cha 2,500 walikufa. Kisha walowezi wakaitwa waje kwenye nyanda za juu, ati hazina watu, na Wahindi wakazuiwa kumiliki mashamba huko. Wamaasai walihamishwa kutoka Bonde la Ufa kwa mkataba wa 1904, na kutoka Laikipia kwa mkataba wa 1911. Ajabu ya ardhi tupu kuhitaji mikataba miwili!

Zhanxi maana yake ni magharibi ya stesheni. Huenda muuza saa unayepatana naye bei pale ni kitukuu wa mmoja wa wajenzi wale. Mpaka leo Wachina huuita mji wa San Francisco Jiujinshan, yaani Mlima wa Kale wa Dhahabu. Na huko Kaiping, jirani ya Taishan, ingaliko minara ya ghorofa iliyojengwa kwa fedha zilizotumwa nyumbani na waliokuwa ughaibuni. Ni safari ya kwenda na kurudi siku moja. Watoto wapelekwe wakaione.