Rangi ya Majivu, Tangi Tupu

KISIRANI CHA WIKI, na Mwana-Masaku

Jumamosi iliyopita, juu ya mlima nyuma ya soko la Mitaboni, watu wazima wenye kazi zao Nairobi walibishana mpaka jua la utosi kuhusu rangi ya ukuta. Kambi moja ilitaka majivu. Kambi ya pili ilitaka majivu yaliyokoza. Fundi wa kijijini alikuwa ameketi juu ya debe tangu saa moja asubuhi, kofia mkononi, akingoja kuambiwa aanzie wapi. Na juu ya vichwa vyao wote, gata ya nyumba ile ilikuwa inaning'inia kwa waya mmoja wenye kutu.

Nalisema mapema ili mwenye haraka afungue ukurasa wa michezo: mtu anayekarabati nyumba Ukambani kwa kuanza na rangi hajui alipo.

Nyumba ni ya marehemu susu, yaani nyanya yake Mhandisi. Mnamjua Mhandisi, yule ambaye hajawahi kuhandisi chochote isipokuwa michango, na ambaye mwaka jana alinunua mbuzi kwa kuona picha. Ni nyumba ya matofali ya kuchoma na mabati, vyumba vitatu, mahali ambapo lami imekwisha, murram nayo imekwisha, na gari huachwa kwa watu. Nyuma kuna vilima vya Iveti na ukungu wake wa asubuhi. Mbele, matuta ya mashamba yanashuka hadi kijitoni. Mhandisi alitaka marafiki waifufue, iwe mahali pa kupumzikia tukichoshwa na mji. Sikuona ubaya. Kikaundwa kikundi cha WhatsApp, kikapata mwenyekiti, mweka hazina, na maadmini wengi kuliko wachangaji.

Orodha ya hadiwea niliisoma mwenyewe. Rangi, brashi, taa za sola za kutundika mitini, kamba ya bembea, wavu wa kuchomea nyama. Gata haikuwemo. Hata misumari ya mabati haikuwemo. Fundi alipouliza kwa upole, "Na hii gata, wakubwa?" mweka hazina akamjibu kwamba hiyo ni awamu ya pili. Basi fundi mwenye umri wa baba yake akapanda ngazi kutundika taa.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la sita. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ya paa, hiyo ni lita moja ya maji. Paa la susu halipungui mita 60 za mraba. Vuli ikinyesha milimita 50 tu, na ikiamua huzimwaga kwa siku chache, ni lita 3,000 zinazopita pale juu. Na kando ya ukuta kuna tangi la lita 5,000 ambalo yule mama alilinunua kwa pesa ya parachichi, akalijengea msingi wa mawe, akaliwekea kufuli kwenye koki. Marafiki zangu walipanga foleni kupiga picha mbele ya tangi hilo kwa sababu eti lina sura ya zamani. Halafu wakamtuma kijana wa boda alete maji ya mitungi, wapate kuosha sahani.

Sababu naijua. Hawa ni watu waliokulia kwenye ploti ambako maji ni kazi ya keateka. Mfereji ukikohoa hewa, keateka hupigiwa simu, hutukanwa kidogo, maisha yanaendelea. Hawajawahi kulala kitandani wakisikiliza mvua na kujua kwamba wanachosikia ni chakula cha Februari.

Nipotee kidogo. Jirani alikuwa ametuletea sufuria ya muthokoi, mahindi yaliyotwangwa vizuri, yenye maharagwe na kitunguu kilichoiva. Ilikaa mezani ikapoa. Mwanachama mmoja, ambaye simtaji kwa kuwa mamake ni msomaji wangu mwaminifu, aliuliza kama ni chakula cha mbwa. Jamaa huyohuyo hulipa pesa nyingi mkahawani Nairobi kula nafaka ngumu zilizotiwa ndimu. Basi, tuendelee.

Jioni wakataka moto wa kuzungukwa. Moto wa aina hiyo unahitaji mawe, na mawe yalikuwa karibu: yamepangwa vizuri kwenye ukingo wa tuta la jirani. Wakayang'oa.

Matuta ya Machakos hayakuota yenyewe. Miaka ya 1930 maafisa wa kikoloni waliandika kwamba nchi hii imekwisha, udongo wake unakwenda na mito. Mwaka 1938 wakaanza kuwapunguzia watu ng'ombe kwa nguvu, hadi kiongozi wao Muindi Mbingu akawaongoza maelfu ya Wakamba kwenda Nairobi kumkabili gavana. Baadaye waliochimba fanya juu, tuta baada ya tuta, walikuwa vikundi vya mwethya, vya kusaidiana kazi, na wengi waliokuwa wameshika majembe walikuwa akina mama. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kizima kueleza jinsi watu wa iliyokuwa wilaya hii walivyozidi kuongezeka huku mmomonyoko ukipungua. Kazi ya miaka 60, na rafiki zangu wakaing'oa ili wachome soseji.

Mwenye tuta alikuja Jumapili asubuhi, ajuza wa mwendo wa polepole, leso mabegani. Alitazama majivu. Akatazama pengo kwenye shamba lake.

"Mwenye nyumba hii ndiye tuliyepanga naye hayo mawe," akasema. "Nyinyi mmekuja kumsaidia nani?"

Mwenyekiti akamwambia, "Susu, karibu tupige picha."

Saa nane mvua ikaja, ile ya kwanza ya vuli, isiyo na hodi. Gata ikamwaga yote ukutani. Rangi ya majivu, iliyopakwa jioni na watu walioshika brashi kwa mkono mmoja na simu kwa mwingine, ikaanza kushuka kwa michirizi hadi kwenye baraza. Wanachama wakakimbilia ndani kurekodi mlio wa mvua kwenye bati. Fundi peke yake alibaki nje. Alichukua kipande cha bati, akakikunja kwa goti, akakipachika chini ya paa na kuelekeza maji kwenye debe alilokuwa amelikalia.

Jumatatu mweka hazina alituma ujumbe wa kuomba mchango wa awamu ya pili. Nilifurahi mpaka nilipousoma hadi mwisho: ni jukwaa la mbao la kutazamia jua likizama. Nami ni admini, kwa bahati yao mbaya. Nikaitafuta namba ya susu mwenye tuta, nikaomba ruhusa yake, nikamwingiza kikundini. Ujumbe wake wa kwanza ulikuwa wa sauti, mrefu, kwa Kikamba, na ulitaja bei ya gata, bei ya misumari, siku ambayo mawe yanatakiwa yawe yamerudi tutani, na mtu mwenye sufuria yake.

Mwenyekiti ndiye aliyetangulia kutoka kwenye kikundi.